Niliyojifunza katika kukusanya bastola za fataki za zamani

Kitu cha kuchezea hutengenezwa ili mtoto akimalize. Kikibaki mpaka leo, miaka sitini au themanini baadaye, ujue kilisahaulika darini, au kilifungiwa kabatini, au mwenye nacho alikuwa mtunzaji wa ajabu. Mimi nakusanya bastola za fataki, zile za chuma zilizokuwa zikipakiwa utepe wa karatasi wenye vidonge vya baruti. Ukivuta kifyatulio nyundo inashuka, unasikia mlio, moshi kidogo unapanda, na harufu yake aliyeinusa utotoni haisahau. Pamoja nazo ninayo magari madogo ya Dinky na Matchbox, vinyago vya bati vya kukaza kwa ufunguo, na midoli michache.

Mapenzi yangu kwa vitu hivi hayana hesabu. Chukua bastola ya Nichols Stallion 45, iliyoanza kutengenezwa Texas mwaka 1950. Silinda inazunguka, ndani mna risasi sita za kuchezea, na kila risasi inaachana vipande viwili ili upachike fataki moja ya duara katikati, kisha unaifunga tena. Mtu mzima alikaa mezani akayafikiria yote hayo kwa ajili ya mtoto wa miaka minane. Nikiishika nafikiria zaidi yule mchoraji kuliko hata mtoto.

Lakini mapenzi peke yake yatakufilisi. Ningekuwa na nafasi ya kumwambia anayeanza jambo moja tu, ningemwambia ajifunze kwanza kitu kimetengenezwa kwa malighafi gani. Majina ya viwanda, miaka na uadimu vitafuata vyenyewe. Karibu kila hasara niliyoipata au kuishuhudia ilitokana na metali au plastiki ambayo mnunuzi hakuijua.

Bastola yangu ya kwanza ya chuma niliinunua kwenye mnada wa intaneti. Muuzaji alieleza kuwa ni ya miaka ya 1880, na hilo liliniingia akilini kwa sababu historia inaliruhusu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, viwanda vya chuma vilianza kutengeneza bastola za watoto, na kampuni kama J. & E. Stevens ya Cromwell, Connecticut, iliyokuwapo tangu 1843, ilijulikana sana kwa kazi hiyo. Picha zilikuwa nzuri, kutu ilikuwapo, maelezo yalikuwa marefu. Kifurushi kilipofika niliifungua mbele ya familia nzima.

Aliyeniamsha ni mkusanyaji mmoja mzee aliyenizidi kwa kila kitu katika kazi hii. Hakusema neno. Aliiweka mezani, akatoa ya kwake halisi akaiweka kando, akaniambia nizipapase zote mbili nikiwa nimefumba macho. Ya kwake ilikuwa laini, na pale nusu mbili za chuma zinapokutana ukucha ulipita bila kukwama. Yangu ilikwaruza kama msasa, na kwenye maungio ukucha ulizama. Kisha akanionyesha skrubu: kichwa chake kilikuwa cha msalaba, aina ya Phillips, ambayo ilienea katika miaka ya 1930. Bastola ya 1880 ingeipata wapi? Mwisho akachukua rula. Yangu ilikuwa fupi kidogo kuliko ya kwake, ingawa muundo ulikuwa ule ule. Sababu ni kwamba wanaoghushi huchukua bastola halisi, huikandamiza kwenye mchanga kupata kalibu, kisha humimina chuma, na chuma cha kusubu kikipoa hunywea kwa takriban asilimia 1. Nakala ya namna hiyo haiwezi kufikia urefu wa mama yake.

Hata kutu inasema. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia iliyoiva, imeshika, na ukiisugua kwa kidole haitoki. Kutu ya kupikwa juzi kwa maji ya chumvi au tindikali ni ya rangi ya chungwa na huacha unga mkononi.

Pesa ile haikurudi. Muuzaji alinyamaza, na nilikuwa nimelipa kwa njia ambayo ukishatuma umetuma. Tangu hapo silipi mtu nisiyemjua isipokuwa kwa njia inayoniruhusu kufungua malalamiko na kurudishiwa fedha, hata kama makato yake ni makubwa.

Sasa tuje kwenye sumaku, maana ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kimeniokolea fedha nyingi zaidi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, bastola nyingi nzuri za Marekani zilikuwa za chuma cha kusubu. Kenton Hardware ya Ohio ilitoa bastola yenye jina la mwimbaji Gene Autry mwishoni mwa miaka ya 1930, Kilgore nayo ilikuwa Ohio, na Hubley ilikuwa Lancaster, Pennsylvania. Marekani ilipoingia vitani, metali zikaelekezwa jeshini, na utengenezaji wa vinyago vya chuma ukasimama. Vita vilipokwisha, viwanda vingi havikurudi kwenye chuma. Vilihamia aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zisizofika 400, wakati chuma cha kusubu kinadai zaidi ya 1,100. Zinki iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kalibu hiyo hutumika tena na tena, na hata nakshi ndogo kabisa hutokea vizuri.

Hubley ilitumia jina la Texan kwa bastola ya chuma kabla ya vita na kwa bastola ya zinki baada ya vita. Kwenye picha zinaweza kufanana kiasi cha kumchanganya mtu, lakini thamani zake haziko karibu. Wauzaji wengine huchanganya kwa kutojua, wengine kwa kujua. Sumaku hunasa kwenye chuma na huanguka kwenye zinki. Angalizo: ijaribu kwenye mtutu au kwenye mwili wa bastola, usiiweke karibu na kifyatulio, kwa sababu pini na springi za ndani ni za chuma hata kwenye bastola ya zinki, na zinaweza kukudanganya. Kama uko mbali, mwombe muuzaji apige video fupi akiweka sumaku. Mwaminifu hatakataa.

Zinki yenyewe ina ugonjwa wake, na huu ndio ulioniumiza kuliko wote. Nilikuwa na lori la Dinky la kabla ya vita. Dinky ni jina ambalo Meccano ya Liverpool ililianza mwaka 1934, na magari yao ya kipindi kile cha mwanzo yanapendwa mno. Lilipofika lilikuwa zima. Nililiweka kwenye kabati la kioo sebuleni. Baada ya muda rangi ilianza kuvimba kwenye kona ya boneti. Kisha ukatokea ufa ambao bila kioo cha kukuzia usingeuona. Ufa ukazaa nyufa. Ekseli ya mbele ikaanza kupinda kwa sababu mwili wa lori ulikuwa unatanuka na kuisukuma. Siku moja nililiinua nipanguse vumbi, madigadi ya nyuma ikabaki kwenye rafu, na mahali ilipovunjikia palikuwa na chembechembe za kijivu zinazomomonyoka kwa kidole.

Kinachotokea ni hiki. Zinki ya kutengenezea vinyago inapaswa kuwa safi sana. Kiwandani ikichanganyika na madini ya risasi, hata kwa kiasi kidogo mno, uchafu ule hukaa kwenye mipaka ya chembe za metali, na unyevu ukiingia, metali inaoza kutoka ndani, inavimba na kupasuka. Joto na unyevu huharakisha. Hakuna dawa. Unaweza kuchelewesha kwa kuhifadhi mahali pakavu na pa baridi, basi. Wakusanyaji wengine huogopa kuwa ugonjwa huu unaambukiza, wakakitupa kitu kimoja ili kuokoa vingine. Hauambukizi. Kila kipande kilizaliwa na hatima yake kutoka kwenye sufuria ya kiwandani. Vitu vya baada ya vita vina nafuu kubwa kwa sababu usafi wa aloi ulisimamiwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo kabla sijanunua chochote cha zinki cha miaka ya 1930, naomba picha ya tumboni, picha iliyopigwa taa ikiwa pembeni ili nyufa zitupe vivuli, na picha ya gari likiwa limesimama juu ya kioo. Kama gurudumu moja liko hewani, mwili umeanza kupinda. Naliacha, hata likiwa zuri namna gani, hata kama roho inauma.

Nikiwa kwenye zinki, jambo moja ninalolipenda: Lesney, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1947 na ambayo kuanzia 1953 ilitupa magari ya Matchbox, iliingia kwenye biashara ya vitu vya watoto baada ya kupata oda ya vipuri vya bunduki ya kuchezea. Ndiyo maana bastola na magari siyatenganishi kabatini.

Kusafisha vibaya ndiko kunakoharibu bastola nyingi ambazo muda haukuziharibu. Fataki ni mchanganyiko wa fosforasi nyekundu na klorati ya potasiamu. Ukilipuka huacha masalia ya chumvi na asidi yanayovuta unyevu hewani, na mtoto wa 1955 hakuwa na habari ya kupangusa bastola yake kabla ya kulala. Tazama chini ya nyundo, pale inapogonga: utaona gamba jeupe au la kijivu. Hilo gamba bado linafanya kazi, bado linakula. Mimi hulitoa kwa kijiti cha meno cha mbao, kisha brashi laini, kisha pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyotoneshwa, na papo hapo nakausha kwa kitambaa na hewa ya feni. Mwisho nasugua nta kidogo mno. Maji yasifike kwenye springi, na yasikaribie boksi lake la asili.

Dawa ya kung'arishia metali usiiguse. Tabaka la nikeli, ile metali ya kung'aa iliyofunika bastola kwa nje, ni jembamba sana na dawa hizo zina chembe za kukwangua. Nimeziona bastola zilizovuka miongo kadhaa salama halafu zikaharibiwa kwa alasiri moja na mtu aliyetaka zing'ae kwenye picha za kuuzia. Kwenye kingo za mtutu na juu ya nakshi nikeli imekwenda, metali ya chini inachungulia, na hapo hakuna kurudi. Ukichovya upya kwa nikeli, wanunuzi wanaojua watakuuliza, na ni lazima uwaambie ukweli.

Ala ya ngozi nayo ni mtego. Inaonekana ni mahali pa asili pa bastola, na seti kamili yenye mkanda wake inavutia sana. Lakini ngozi imebaki na asidi za kusindikia, na inashika unyevu. Ukiilaza bastola humo kwa miaka, utaikuta na doa upande mzima uliogusa ngozi, na kwenye vifungo vya shaba utakuta uji wa kijani. Ala zangu nazijaza karatasi laini isiyo na asidi ili zisikunjamane, na bastola zinakaa kando. Nazionyesha pamoja wageni wakija, kisha nazitenganisha.

Kwenye plastiki sitakaa sana, ila kuna mambo ya kushika. Raba za kufungia vitu zinayeyuka na kuganda kwenye rangi, usizitumie kabisa. Midoli ya vinaili hutoa mafuta kwa nje ikawa inanata, na vinaili ikigusana na plastiki nyingine kwa muda mrefu huiyeyusha, kwa hiyo gari lenye matairi ya vinaili lisisimame juu ya sanduku la plastiki bila karatasi katikati. Midoli ya seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, inashika moto haraka mno, itenge, mbali na balbu na jikoni. Vinyago vya betri vifungue siku hiyo hiyo vinapofika. Mara nyingi utakuta betri ya zamani ilivuja zamani sana.

Usafirishaji umenila fedha kuliko nilivyotarajia. Kuna vitu vingi ambavyo nauli na ushuru vilizidi bei ya kitu chenyewe, na sasa napiga hesabu ya jumla kabla ya kuweka dau lolote. Kinachovunjika mara nyingi ni nyundo, kwa sababu inachomoza na zinki haivumilii kugongwa. Zinki ikivunjika haichomelewi kirahisi, na gundi hubaki ikionekana. Namwandikia muuzaji maelekezo: nyundo iwe imeshuka, karatasi laini izunguke bastola yote, boksi la asili litumwe likiwa na kitu laini ndani lakini bastola isiwe ndani yake, na vyote viingie kwenye boksi kubwa lenye nafasi ya kutosha kila upande. Wengine wanaona ninasumbua. Afadhali nisumbue.

Halafu kuna sheria, na hapa tafadhali usifanye mzaha. Kifurushi changu kimoja kilizuiliwa kwa muda mrefu kwa sababu aliyetuma aliandika neno moja tu kwenye fomu, "bunduki". Ilinibidi nipeleke picha, maelezo ya maandishi, na kusubiri nisijue kama kitaharibiwa. Nilikosa usingizi, sina sababu ya kuficha. Siku hizi tunaandika kwa ukamilifu: kitu cha kuchezea cha mtoto, cha miaka fulani, cha zinki, hakiwezi kufyatua risasi. Na kabla ya kununua kutoka nje, soma sheria ya nchi yako kuhusu silaha za bandia, maana zinatofautiana mno. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya 2006 inayobana uingizaji wa silaha bandia zinazofanana sana na za kweli. Marekani ina sheria ya shirikisho ya 1988 iliyoleta ile alama ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya mtutu. Bastola za zamani hazina alama hiyo, na kwa mbali hakuna awezaye kuzitofautisha na silaha ya kweli. Usitoke nayo barabarani, usiiweke kwenye kiti cha gari, usiipeleke uwanja wa ndege kwenye begi la mkononi. Kuna watoto waliouawa kwa sababu ya bunduki ya kuchezea mkononi. Ninapoipeleka kuonyesha kwa wenzangu inakuwa ndani ya sanduku lililofungwa, mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Kuhusu fedha, boksi ndilo linaloshangaza wengi. Mtoto alilichana boksi siku ile ile ya zawadi, kwa hiyo maboksi yaliyobaki ni machache kuliko bastola, na boksi zuri linaweza kuongeza thamani kuliko hali ya bastola yenyewe. Palipo na fedha pana waghushi. Boksi la nakala lina karatasi nyeupe mno kwa ndani, kingo zisizochakaa, na ukiitazama picha yake kwa kioo cha kukuzia utaona nukta za printa ya kisasa. Kwa mkusanyaji anayeanza, maoni yangu ni kwamba maboksi yasubiri. Nunua bastola nzuri isiyo na boksi, uishike, uijue.

Mke wangu ndiye aliyenipa ushauri bora katika yote haya, ingawa yeye hakusanyi chochote. Aliniuliza, "Baba Neema, ukiondoka leo, hapa nani anajua hivi ni nini?" Niliumia kidogo, kisha nikanunua daftari. Kila kitu kina ukurasa wake: kilitoka wapi, kililipiwa kiasi gani pamoja na nauli na ushuru, ni chuma au zinki, kipi ni cha asili na kipi kimebadilishwa, na kasoro zake zote kwa uaminifu. Nilipojumlisha gharama nililazimika kuuza baadhi, na daftari hilo hilo likanisaidia kuuza kwa bei nzuri, maana wanunuzi waliona sijaficha kitu. Pia tulikubaliana nyumbani kwamba watoto wetu wachezee vipya. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi kwenye vitu vya watoto mwaka 1978 tu, kwa hiyo vingi vya kabla ya hapo sivyo vya kutiwa mdomoni. Wanapenda kuvitazama, wanauliza maswali mazuri, kisha wananawa mikono.

La mwisho ni fataki zenyewe. Ukinunua seti ya zamani unaweza kukuta tepe za fataki zimebaki ndani ya boksi. Usijaribu kulipua, na usizikwangue kwenye karatasi ili uhifadhi karatasi. Zinawaka kwa msuguano, na bastola ya zamani ikilia karibu na sikio inaweza kuliumiza. Usizitume kwa posta wala kwa ndege, zinahesabiwa kuwa vilipuzi. Tepe moja mbili nazizamisha kwenye ndoo ya maji mpaka karatasi ilainike kabisa, kisha nazitupa zikiwa bado mbichi. Zikiwa kasha zima, piga simu kikosi cha zimamoto uulize wazichukue vipi, na mpaka wafike ziache pale ulipozikuta.